Dirisha Moja na Kuta Nyeusi: Wachoraji Walivyoitengeneza Nuru ya Ndani ya Nyumba

Katikati ya Roma, mwendo mfupi kutoka uwanja wa Piazza Navona, lipo kanisa la Wafaransa liitwalo San Luigi dei Francesi. Ndani yake, katika kikanisa cha mwisho upande wa kushoto, zimetundikwa picha tatu za Caravaggio zinazosimulia maisha ya Mtakatifu Mathayo. Ile ya ukuta wa kushoto ndiyo Wito wa Mathayo, yenye kimo cha sentimita 322 na upana wa sentimita 340. Wanaume watano wameizunguka meza ya ushuru. Mzee mwenye miwani anainamia sarafu, kijana aliyeketi pembeni anazihesabu bila kuinua uso, na wengine wawili wenye kofia za manyoya ya ndege wamegeuka kuona nani ameingia. Kulia amesimama Yesu, mwili wake karibu wote umefichwa na Petro, na mkono wake umenyooshwa. Juu ya mkono huo mwanga unaukata ukuta kwa mshazari na kuwapiga usoni wale walioketi.

Ukutani mle, katika picha, mna dirisha, nalo linastahili kutazamwa vizuri. Limezibwa kwa karatasi iliyopakwa mafuta, kama madirisha mengi ya Roma ya siku zile, na halitoi mwanga hata chembe. Nuru yote inatoka kulia, kwa juu, mahali ambapo turubai imekwisha. Mtazamaji akigeuza kichwa upande huo huo kikanisani, anakutana na dirisha la kweli juu ya altare. Picha imechorwa kana kwamba inaangazwa na dirisha la jengo lenyewe. Na ile ya ukuta wa kulia, Kuuawa kwa Mathayo, inaangazwa kutoka kushoto, yaani kutoka dirisha lile lile.

Historia ya kuchora watu ndani ya nyumba kwa nuru na vivuli vinavyoaminika husimuliwa mara nyingi kama habari za mikono yenye kipaji. Kipaji kilikuwepo, hilo halina ubishi. Lakini kabla ya kushika brashi wachoraji hao walikuwa na kazi nyingine ambayo haizungumzwi sana: walipanga chumba. Walifunga madirisha, wakafumua dari, wakatundika vitambaa, wakaficha mishumaa nyuma ya migongo ya watu. Mengi ya mambo hayo yameacha alama katika mikataba ya pango, orodha za mali, maandishi ya wasanii na turubai zenyewe.

Kwa karne nyingi picha za Ulaya hazikuwa na chanzo cha mwanga kinachojulikana. Watakatifu walisimama mbele ya dhahabu iliyopondwa nyembamba, na dhahabu hiyo ndiyo iliyong'aa kwa mishumaa ya ibada. Rangi zilichanganywa na kiini cha yai, ambacho hukauka upesi mno, kwa hiyo mchoraji aliyetaka shavu ligeuke taratibu kutoka mwangani kwenda kivulini alilazimika kuchora mistari myembamba mamia kwa mamia. Mafuta ya kitani yalibadili hali hiyo. Yanakauka polepole, yanaruhusu rangi mbili kuyeyushana zikiwa bado mbichi, na yakipakwa tabaka juu ya tabaka hupenyeza mwanga hadi chini kisha kuurudisha. Jan van Eyck wa Bruges hakuwa wa kwanza kuyatumia, ingawa hadithi ya zamani humpa sifa hiyo, lakini alijua uwezo wake kuliko waliomtangulia. Katika picha ya Arnolfini na mkewe, ya mwaka 1434, dirisha la kushoto linaingiza mchana wa kaskazini chumbani: mwanga unagusa machungwa yaliyowekwa karibu na dirisha, unateleza juu ya kinara cha shaba, unafifia ukifika kwenye pazia jekundu la kitanda. Kwenye ukuta wa nyuma kipo kioo mbinuko kinachoonyesha chumba kizima kwa nyuma, dirisha likiwemo, na watu wawili wakiwa mlangoni. Picha yenyewe ina kimo cha sentimita 82 tu.

Leonardo da Vinci alilichukulia jambo hili kama mhandisi. Katika maandishi yake anamshauri mchoraji wa sura za watu atafute ua wenye kuta zilizopakwa rangi nyeusi, na juu yake atande kitambaa cha kitani cha kuzuia jua. Kama hana ua wa namna hiyo, asubiri jioni au siku ya mawingu, wakati nyuso za watu hupata ulaini ambao jua kali huufuta. Sababu ya kuta kuwa nyeusi ni rahisi, na kila mpiga picha wa leo anaijua: ukuta mweupe hurudisha mwanga na kuujaza upande wa kivuli, ukuta mweusi huumeza. Raphael naye, huko Vatikani mwaka 1514, alipewa ukuta ambao katikati yake pana dirisha halisi linalommulika mtazamaji machoni. Hapo juu yake akachora Petro akifunguliwa gerezani, malaika aking'aa nyuma ya nondo, huku mwezi, mienge na alfajiri vikishindana pembeni. Ni watu wachache waliowahi kulishinda tatizo la jengo kwa ujasiri kama huo.

Michelangelo Merisi, aliyekuja kujulikana kwa jina la mji wa familia yake, Caravaggio, alizaliwa mwaka 1571. Alisomea kazi Milan kwa Simone Peterzano kuanzia 1584, akaingia Roma katika miaka ya 1590 akiwa hana kitu. Kardinali Francesco Maria del Monte alimpa hifadhi nyumbani mwake, karibu kabisa na San Luigi, na mwaka 1599 mkataba wa picha mbili za kuta za kikanisa ukatiwa saini kwa skudi 400. Mwaka uliofuata ulikuwa wa Jubilei, Roma ilijaa mahujaji, na jina lake likavuma.

Alifanya kazi kwa namna iliyowashangaza wenzake. Hakuna hata mchoro mmoja wa karatasi unaojulikana kwa hakika kuwa wa mkono wake, ingawa kawaida ya wakati ule ilikuwa kuchora makumi ya mazoezi kabla ya kuigusa turubai. Yeye aliwaweka watu wa kawaida mbele yake, akaipaka turubai rangi nzito ya udongo kama msingi, kisha akakwaruza juu ya msingi huo, ukiwa bado haujakauka, mistari michache ya kuonyesha kichwa kikae wapi, bega wapi, mkono wapi. Mikwaruzo hiyo inaonekana hadi leo mwanga ukipigwa kwa ubavu. Inafanya kazi ya alama anazochora mwongoza filamu sakafuni: mtu wa kuchorwa akipumzika na kurudi, anasimama pale pale, na kivuli kinarudi pale pale. Msingi ule wa kahawia aliuacha wazi sehemu nyingi, ndio ukawa kivuli chenyewe. Nyeupe ya risasi aliitunza kwa ajili ya mahali nuru inapogonga: paji la uso, mfupa wa bega, ukingo wa shati. Hakupata kila kitu mara ya kwanza. Picha za eksirei zimeonyesha kwamba chini ya Kuuawa kwa Mathayo kuna mpango mwingine mzima, wenye watu wadogo zaidi na jengo kubwa nyuma yao, ambao aliufunika na kuanza upya.

Maelezo bora ya chumba chake yametoka kwa mganga. Giulio Mancini, daktari wa Siena aliyependa sana picha na kuandika juu ya wasanii wa Roma baada ya mwaka 1615, anasema kundi la Caravaggio lina desturi ya kutumia nuru moja inayotoka juu, isiyorudishwa na kitu, kama ile ya chumba chenye dirisha moja na kuta zilizopakwa nyeusi. Mancini hakuipenda kabisa desturi hiyo. Aliona kwamba huwezi kuwaweka watu wengi katika chumba kimoja, wakacheka, wakalia, wakatembea, na bado mwanga ule mmoja ukawafikia wote. Hoja yake ilikuwa nzito, lakini Caravaggio alikuwa amekwisha kuijibu kwa vitendo katika kila turubai kubwa.

Hati za mahakama zinatuingiza ndani zaidi. Mei 1604 Caravaggio alipanga nyumba katika kichochoro kilichoitwa San Biagio, kwa mama mmoja mwenye nyumba aliyeitwa Prudenzia Bruni. Mkataba ulimruhusu kufumua nusu ya dari ya chumba kimoja kwa gharama zake, kwa sharti kwamba akihama airudishe ilivyokuwa. Watafiti wamebishana kwa nini aliomba jambo hilo. Wapo wanaosema alihitaji kimo cha kusimamisha turubai ndefu, wapo wanaosema alitaka mwanga uteremke kutoka juu. Haielekei kuwa ni lazima kuchagua, kwa sababu dari iliyofumuliwa ingempa vyote viwili. Mwaka uliofuata alimjeruhi mthibitishaji wa hati mmoja, akatoroka Roma kwa muda, na mama Bruni, akidai pango la miezi sita na uharibifu wa dari, akapata amri ya kushika mali zake. Orodha ya Agosti 1605 ipo hadi leo: vitabu kumi na viwili, ala za muziki, silaha, turubai, kioo kikubwa na kioo kingine kilichoelezwa kuwa na umbo la ngao. Aliporudi na kukuta mlango umefungwa, alilipiza kwa kuyavurumishia mawe madirisha ya mama huyo usiku.

Matunda makubwa ya miaka hiyo ni Kifo cha Bikira Maria, picha yenye kimo cha sentimita 369 ambayo leo iko Louvre, Paris. Iliagizwa na mwanasheria aliyeitwa Laerzio Cherubini kwa ajili ya kanisa la Santa Maria della Scala. Maria amelala juu ya kitanda kifupi, nguo yake nyekundu imelegea kifuani, miguu mitupu imetokeza nje. Mitume wamesimama kimya, wengine wamejifunika nyuso, na mbele kabisa Maria Magdalena ameketi kwenye kiti kifupi akilia huku ameinama hadi shingo yake yote inaonekana, karibu na beseni la shaba. Nuru inaingia kutoka juu kushoto, inashuka juu ya vipara vya wazee kama anayehesabu vichwa, inaigusa shingo ya Magdalena, inaishia kwenye uso wa marehemu. Nusu nzima ya juu ya picha ni hewa tupu na pazia kubwa jekundu lililoning'inizwa kwenye boriti za dari. Mapadre waliikataa. Rubens, akiwa bado kijana, alimshauri mtawala wa Mantova ainunue, na mwaka 1607 kabla haijasafirishwa iliwekwa wazi kwa wiki nzima ili wachoraji wa Roma waje kuiona. Caravaggio mwenyewe hakuwepo. Mwezi Mei mwaka 1606 alikuwa amemuua Ranuccio Tomassoni katika ugomvi na kukimbia. Alifariki Porto Ercole mwaka 1610 akiwa na umri wa miaka 38.

Waliomfuata waligundua kwamba chumba kinaweza kugeuzwa kwa njia rahisi zaidi kuliko kuivunja dari: kufunga kila kitu na kuwasha mshumaa. Gerrit van Honthorst wa Utrecht, aliyeishi Roma hadi 1620, aliupenda usiku kiasi kwamba Waitaliano walimpachika jina la Gherardo wa Usiku. Katika Kristo Mbele ya Kuhani Mkuu, iliyoko National Gallery ya London, mshumaa mmoja umesimama mezani kati ya kuhani aliyeinua kidole na Yesu aliyefungwa mikono. Mwali unaonekana wazi, haukufichwa, na kila kitu kinapoteza rangi kadiri kinavyokaa mbali nao. Artemisia Gentileschi, mwanamke wa kwanza kupokelewa katika chuo cha wasanii cha Florence mwaka 1616, aliuweka mshumaa ndani ya hema la Holofernes. Katika picha yake iliyoko Detroit, Yudithi ameinua kiganja kuukinga mwali, na kiganja hicho kinatupa kivuli cha umbo la hilali juu ya uso wake mwenyewe, wakati mjakazi wake anakifunga kichwa cha adui katika gunia. Kivuli hicho hakiwezi kubuniwa ukiwa umeketi mchana. Lazima mtu alisimama gizani, akainua mkono, na mchoraji akatazama.

Georges de La Tour wa Lorraine aliupeleka mshumaa mahali pa utulivu. Katika Mtakatifu Yosefu Seremala, ya mwanzoni mwa miaka ya 1640, mzee ameinama akitoboa boriti kwa keekee, na mtoto Yesu amemshikia mshumaa. Kiganja cha mtoto kinaukinga mwali usizimwe na upepo. Waliokulia katika nyumba za kibatari wanakijua kinachotokea hapo: nyama ya vidole inapenyeza mwanga, inageuka nyekundu, kucha zinaonekana zikiwa na uchafu wake. La Tour amekichora kitu hicho kwa uaminifu ambao haujapitwa na mtu yeyote. Uso wa mtoto uko karibu sana na moto hivi kwamba umekuwa mweupe kabisa, ilhali paji la Yosefu lenye mikunjo limepata rangi ya udongo. Na mchoraji huyu alisahauliwa kabisa kwa karne mbili na zaidi, kazi zake zikipewa majina ya wengine, hadi mtaalamu wa Ujerumani Hermann Voss alipomtambua tena mwaka 1915.

Rembrandt hakuwahi kukanyaga Italia. Mwalimu wake wa Amsterdam, Pieter Lastman, ndiye aliyekuwa amefika Roma, na wachoraji wa Utrecht walikuwa jirani. Mnamo 1629, akiwa na umri wa miaka 23 hivi, alichora Mlo wa Emau, picha ndogo iliyoko Paris ambayo ndani yake Kristo ni kivuli kitupu. Taa imefichwa nyuma ya mwili wake, kwa hiyo tunaona tu mpaka wa uso wake, huku mwanafunzi anayemkabili akirudi nyuma kwa mshtuko, ameangazwa wote. Mbali nyuma, jikoni, kuna nuru ya pili, ndogo, ya mtumishi anayeendelea na kazi zake bila kujua lolote. Taa mbili katika chumba kimoja, na kila moja ina habari yake.

Nyumba aliyonunua mwaka 1639 kwa guilda 13,000 katika mtaa wa Jodenbreestraat, ambayo ilimfilisi mwaka 1656, sasa ni makumbusho. Chumba chake kikubwa cha kazi kiko upande wa kaskazini. Kuna mchoro wake wa wino, unaohifadhiwa Oxford, unaoonyesha chumba cha kazi: mwanamke ameketi kando ya dirisha, na vibao vya sehemu ya chini vimefungwa ili mwanga uingie kwa juu peke yake. Ni kile kile alichokieleza Mancini, kikitimizwa kwa vifaa vya nyumba ya Kiholanzi.

Kuhusu kaskazini, msomaji wa Afrika Mashariki anahitaji kutulia kidogo. Ulaya jua hupita upande wa kusini mwaka mzima, kwa hiyo dirisha la kaskazini halipigwi na jua la mchana, na mwanga wake hubaki sawa kwa saa nyingi. Ndiyo maana vitabu vya uchoraji husifu dirisha hilo kana kwamba ni sheria ya dunia nzima. Dar es Salaam sheria hiyo haipo. Kuanzia Machi hadi Oktoba jua la adhuhuri hupita kaskazini, kisha miezi inayobaki hupita kusini, na hakuna upande mmoja wa nyumba uliosalimika mwaka mzima. Mchoraji wa pwani anayefuata kitabu cha Ulaya bila kuangalia anga lake atajikuta kivuli kimemkimbia katikati ya kazi.

Mtaa ule wa Amsterdam ulikuwa pia makazi ya Waafrika, watu huru waliokuwa majirani wa Rembrandt. Mwaka 1661 alichora Wanaume Wawili wa Kiafrika, picha iliyoko Mauritshuis, The Hague. Mmoja ameangazwa, mwingine ameinamia bega lake akiwa amezama zaidi kivulini. Hapa mtu anaona jambo ambalo vitabu vingi vya mbinu hulipita: ngozi nyeusi katika chumba chenye nuru moja haipotei gizani kama mchoraji ana macho. Hung'aa kwa mng'ao mdogo na mkali kwenye paji na pua, hupokea rangi ya nguo zilizo karibu, na kivuli chake kina wekundu na kijani ndani yake. Rembrandt aliyaona hayo akayaweka, kwa rangi nyembamba na haraka, bila kumgeuza yeyote kuwa pambo.

Huko Delft, Johannes Vermeer aliiacha mishumaa kabisa. Aliishi miaka 43, kuanzia 1632 hadi 1675, na kazi zake zinazojulikana leo ni kama 35 hivi. Nyingi zina mpango mmoja: kona ya chumba, dirisha kushoto, mtu mmoja au wawili, ukuta nyuma. Katika Mwanamke Akimimina Maziwa, ya miaka ya mwisho ya 1650, karibu kila kitu kimetegemea ukuta mweupe, kinyume kabisa cha kuta nyeusi za Leonardo na Mancini. Ukuta huo hauna sehemu mbili zenye weupe sawa. Karibu na dirisha, chini ya kizingiti, kuna giza. Kulia kuna weupe wa mchana. Msumari uliobaki ukutani una kivuli chake kifupi, na tundu la msumari uliong'olewa lipo pembeni. Kioo kimoja cha dirisha kimevunjika na kinapitisha mwanga mkali zaidi. Na kwenye ubavu wa kulia wa mwanamke, ule wa kivuli, Vermeer amepitisha mstari mwembamba mweupe unaoutenga mwili na ukuta, mstari ambao katika chumba cha kweli haupo. Hapo nuru ya kweli ilihitaji msaada, naye akautoa. Uchunguzi wa Rijksmuseum uliotangazwa mwaka 2022 ulionyesha kwamba nyuma ya kichwa cha mwanamke huyo alikuwa ameanza kuchora kibao cha kutundikia magudulia, kisha akakifuta. Ukuta mtupu ulikuwa uamuzi.

Je, alitumia kamera? Swali hilo limeulizwa tangu mwaka 1891. Kamera inayozungumzwa ni chumba au sanduku lenye giza, ambamo mwanga unaopita katika tundu dogo hutupa ukutani sura ya vitu vya nje, ikiwa imepinduka. Aliyeifanyia uchunguzi wa kina ni Ibn al-Haytham, mzaliwa wa Basra aliyefanya kazi Cairo mwanzoni mwa karne ya 11. Katika Kitab al-Manazir anaeleza jaribio la taa kadhaa zilizopangwa mbele ya tundu la mahali penye giza: kila taa hutupa doa lake upande wa pili, na ukiifunika moja ni doa moja tu linalotoweka. Kitabu hicho kilitafsiriwa kwa Kilatini karne nyingi kabla ya kuchapwa Ulaya mwaka 1572. Kupitia tafsiri hiyo nadharia yake ya mwanga iliingia mikononi mwa Wazungu, na makala nyingi za sanaa bado hazimtaji mwenyewe, jambo ambalo ni dhuluma kwa historia.

Kuhusu Vermeer, mwaka 2001 Philip Steadman alionyesha kwa vipimo kwamba picha sita zina ukubwa sawa na sura ambazo chumba kimoja kingetupa kwenye ukuta wake wa nyuma. Upande wa pili, turubai zaidi ya kumi zina tundu la pini mahali mistari yote ya chumba inapokutana, dalili ya mchoraji aliyefunga uzi na kupiga mistari kama fundi mwashi. Orodha ya mali za nyumba yake, iliyoandikwa Februari 1676, inataja egemeo za kuchorea lakini haina kifaa chochote cha namna ile. Inawezekana alitazama kwenye kamera ya mtu mwingine, akajifunza jinsi mng'ao unavyovunjika kuwa vidoa, kisha akarudi kwenye uzi wake. Hata hivyo aliyeuona ukuta ule mweupe ni jicho lake.

Karne iliyofuata iliipenda nuru ya mshumaa kwa ajili ya sayansi. Joseph Wright wa Derby alichora mwaka 1768 watu waliozunguka meza usiku kumtazama mhadhiri akimnyima ndege hewa ndani ya chupa. Mwali umefichwa nyuma ya gilasi kubwa, na nyuso za watoto zinaonyesha hofu ambayo mhadhiri haioni. Kisha likaja jambo tofauti. Aprili 1885 huko Nuenen, Van Gogh aliketi kwa familia ya wakulima watano wakila viazi chini ya taa moja ya mafuta. Alikuwa amechora vichwa vya wakulima kwa miezi kadhaa ya majira ya baridi akijizoeza. Wala Viazi imepakwa rangi ambayo mwenyewe aliifananisha na kiazi chenye vumbi kisichomenywa. Wenzake waliikosoa: mikono minene, viwiliwili vilivyopinda. Lakini taa ile inafanya kazi sawasawa. Mvuke wa viazi unainuka kuelekea kwenye mwanga, kofia nyeupe za wanawake zinageuka kijivu, na msichana aliyetupa mgongo anabaki gizani kwa sababu ndiye anayeizuia taa.

Vilhelm Hammershøi wa Copenhagen ndiye aliyeifikisha kazi hii mahali pasipo na hadithi yoyote. Kuanzia 1898 hadi 1909 aliishi Strandgade 30, nyumba ya karne ya 17, na kuichora tena na tena: milango iliyofunguliwa, sakafu, vioo vya dirisha vikitupa miraba ya mwanga, na mkewe Ida amesimama akiwa ametupa mgongo, amevaa nyeusi. Aliondoa samani hadi chumba kikabaki na vitu viwili au vitatu. Mwaka 1900 alimwondoa hata Ida, akachora miale ya jua ikipita katika vumbi la chumba kitupu.

Leo vyumba vyetu vimejaa taa za dari zinazomwaga mwanga sawa kila upande, na wanafunzi wengi wa uchoraji huanzia kwenye picha ya simu iliyopigwa kwa mmweko, ambao hufuta kivuli chote cha uso. Wanaofundisha sanaa Nairobi, Kampala, Dar es Salaam au Lubumbashi hawahitaji vifaa vya Roma kurekebisha hilo. Wafunge madirisha yote isipokuwa moja, waangalie jua liko upande gani mwezi huo, watundike shuka jeusi ukutani, wamketishe mtu mmoja kwenye kigoda. Kisha wawaache wanafunzi watazame kwa nusu saa kabla hawajaruhusiwa kufungua rangi.